Hoja: Meza ya Dirishani Iondoke

Mambo yalimwendea mrama mpiga pasi siku ya Ijumaa, tarehe kumi na tisa mwezi wa tisa, jioni, mashine ya mwisho ilipozimwa naye akaingiza mkono kwenye mfuko wa soksi akatoka na nyekundu.

Aliitazama ile soksi kama mtu aliyepewa mtoto si wake ambebe. Kisha akainua macho kwenye dari. Juu ya dari ile kulikuwa na hoteli, na juu ya hoteli kulikuwa na ofisi za wakubwa, na kwa hesabu za mpiga pasi hapakuwa na balaa duniani ambalo halikuteremka kutoka huko. Maji yakikatika, wakubwa. Sabuni ikikataa kutoa povu, wakubwa. Siku mvua ilipoyakuta mashuka uani, yeye alikata kauli kwamba wakubwa walijua itanyesha na wakanyamaza. Ukimwuliza jambo lolote, hata saa, alikujibu, "Waulize wakubwa." Kila neno lake lilipanda juu, ndiyo maana wenzake wakambandika jina la Mvuke. Wageni walidhani ni kwa sababu ya pasi yake.

Tangu awe mgane alikuwa amezidi. Mkewe naye alifanya kazi chumba kile kile cha kufulia, chini ya ardhi, mtu akishuka ngazi za jikoni. Dirisha lilikuwa moja, jembamba, juu ukutani, na kwa dirisha hilo ulimwengu wa nje ulionekana kwa miguu yake tu: viatu, visigino, gurudumu la baiskeli, mara moja moja mbwa mzima. Chini ya dirisha ilikaa meza, na kwenye meza hiyo mkewe alikunja mashuka ya hoteli miaka nenda miaka rudi. Walimwita Mama Pembe, kwa kuwa shuka likipita mikononi mwake pembe zake zilikutana zenyewe kama ndugu waliopoteana.

Mama Pembe alipofariki, Mvuke aliifanya meza ile kuwa mwiko. Kila asubuhi aliifuta kwa kitambaa chenye unyevu, akaizunguka, akaifuta tena. Ole wako uweke kikombe. Ole wako uweke kiwiko. Wenzake wakawa wanakunja mashuka juu ya vikapu, juu ya magoti, na mchochea boila alikunja yake kwa kuyabana kidevuni. Hakuna aliyelalamika waziwazi, maana marehemu walimpenda na mumewe walimwogopa. Lakini sasa kwenye korido lilikuwa limeletwa sanduku kubwa la mbao, na ndani yake mashine ya kukunja mashuka, na mahali pekee palipoitosha palikuwa chini ya dirisha.

Sanduku hilo lilikuwa limeletwa na msimamizi. Huyu alikuwa kijana mwenye kola iliyosimama kama mlinzi wa getini, nao walimwita Kola. Kola hiyo Mvuke mwenyewe ndiye aliyeipiga pasi, na kila mara aliacha ncha ya kushoto imeinama kidogo. Kidogo tu, kiasi cha mtu kushindwa kulalamika.

Msimamizi angeweza kutoa amri meza iondolewe, lakini chumba kile kilikuwa na desturi yake. Ijumaa jioni, mashine zikipoa, palichezwa mchezo wa hoja, na jambo lolote la humo chumbani lililoshindikana kwa maneno ya kawaida lilipelekwa huko. Nani akae karibu na feni. Redio ifunguliwe au ifungwe. Wasemaji walikuwa wawili, na hawakuchagua upande. Kulikuwa na mfuko wa soksi ambazo wageni wa hoteli walizisahau, kila moja imempoteza mwenzake. Anayechomoa nyekundu anaunga mkono hoja, anayechomoa nyeusi anaipinga, hata kama moyo wake uko kwingine kabisa. Wazee wa kazi walisema mpango huo uliwekwa ili mtu asigombane na mwenzake, agombane na soksi. Na mwiko ulikuwa mmoja: kuuza mchezo. Anayesema ovyo kwa makusudi ili ashindwe hufua matambara ya kudekia mwezi mzima, tena bila haki ya kufungua mdomo Ijumaa.

Mwamuzi alikuwa Mama Sabuni, mama wa makamo aliyetawala mapipa ya kulowekea. Zamani aliamua kwa kusikiliza makofi, na makofi yalileta ugomvi, kwani mchochea boila alikuwa na viganja kama makasia. Ndipo akaingilia kati karani wa stoo. Huyu alikuwa binti wa dada yake Mvuke, msichana aliyependa hesabu shuleni hata baada ya shule kumalizika. Aliwaambia makofi hayapimi kitu. Mtu aliyeingia chumbani akikuunga mkono na akatoka akikuunga mkono hukumfanya lolote, umemkuta hivyo. Wa kuhesabu ni aliyehama.

Walimwomba aseme kwa lugha ya watu. Akachukua kamba mbili za kuanikia nguo, akazilaza sakafuni kwa duara, moja ya wanaosema ndiyo, moja ya wanaosema hapana. Kila mmoja alikuwa na kibanio chake chenye alama yake. Kabla ya mchezo unabana kibanio kwenye kamba ya upande wako. Baada ya mchezo unasimama kwa miguu yako ndani ya duara ulitakalo. Hizo, alisema, ni seti: seti ya vibanio ni ulivyokuwa, seti ya miguu ni ulivyo sasa. Kibanio na miguu vikikutana duara moja, hesabu haikuhusu. Vikiachana, wewe umehama, na aliyekuhamisha amepata mtu. Wakihama sawa kwa sawa, jambo linabaki kama lilivyokuwa.

Kwa kuwa chumba kilikuwa chembamba na boila limekula nafasi, yale maduara yaliingiliana kidogo katikati, kipande cha umbo la jicho. Mama Sabuni aliuliza pale ni pa nani. Karani akasema pale ni makutano ya seti mbili, pa mtu asemaye ndiyo na hapana kwa pamoja, na kwa kuwa mtu wa namna hiyo hayupo, pale ni seti tupu. Mchochea boila alisema mtu huyo yupo, ni shemeji yake. Tangu siku hiyo pale palikuwa kitanda cha paka wa jikoni, ambaye hakuwa na kibanio.

Basi Ijumaa ile hoja ilikuwa: meza ya dirishani iondoke. Mvuke alikuwa ameomba kusema mwenyewe, na wiki nzima alikuwa amejinoa kuitetea meza. Alichomoa soksi. Nyekundu. Iondoke.

Msimamizi naye akachomoa nyeusi. Ibaki. Na sura yake ikaonyesha kwamba naye hakuipenda rangi aliyoipata.

Mchochea boila alianza kucheka peke yake, akajifanya anakohoa. Mvuke alidai soksi zirudiwe. Mama Sabuni akamwambia soksi haina wajomba. Ndipo Mvuke akaja na lile sharti lililozua yote.

"Sawa," alisema. "Mdomo nitaukopesha hii soksi. Lakini kibanio changu nakibana kwenye Ibaki, watu wote waone moyo wangu uko wapi."

Haikuwahi kutokea. Wasemaji siku zote walikaa nje ya hesabu, hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Mama Sabuni alimtazama karani, karani akainua mabega akasema haoni ubaya, kila aliyemo chumbani ni mtu. Msimamizi akasema kama ni hivyo na yeye anabana chake kwenye Iondoke. Vikabanwa. Paka akafungua jicho moja, akalifunga.

Msimamizi ndiye aliyeanza. Mpango wake wa busara ungekuwa kusema kwa ulegevu, hoja ipite, mashine ifungwe, lakini alikuwa kijana ambaye hata akicheza karata na mtoto mgonjwa hakubali kushindwa. Alianza polepole, akasema meza haitumii umeme. Akasema mashine za namna ile zinatafuna pembe za mashuka. Watu wakatikisa vichwa, naye akapata moto. Akasogea mezani, akanyoosha mkono kuigusa, akamwona Mvuke, akaurudisha.

Akawaeleza siku yake ya kwanza kazini. Alikuwa anaitwa juu kutambulishwa kwa wakubwa, na kwenye ngazi za jikoni mtu akammwagia supu ya nyanya kifuani. Alishuka chini akijua kazi imeisha kabla haijaanza. Mama Pembe akamvua shati kama anayemvua mwanawe, akalifua, akalikausha, akalinyoosha juu ya meza ile, huku yeye akingoja nyuma ya boila na fulana yake yenye matundu.

"Akanivalisha," alisema msimamizi, "akaniambia, mwanangu, kola imesimama. Sasa na wewe simama."

Wafuaji wawili walipangusa macho kwa foronya za wageni. Mama Sabuni akajikuna pua muda mrefu kuliko pua inavyohitaji.

Mvuke alikaa pale kama aliyepigwa kofi na mtu asiyemwona. Kisa hicho hakuwahi kukisikia. Alidhani habari zote za mke wake anazo yeye, zimekunjwa, zimepangwa, na kumbe kipande kimoja kilikuwa kimekaa nyuma ya kola ya yule kijana muda wote. Hata furaha ya kuona meza yake inatetewa vizuri namna ile ilimtoka. Wakubwa wamechukua mpaka hicho.

Zamu yake ilipofika alikumbuka mpango aliokuwa ameupanga haraka haraka: kushindwa kwa adabu. Si kuuza mchezo, la, ila kuukodisha. Akasimama akasema meza ni nzee. Akasema inachukua nafasi. Akafikiri, akasema tena ina rangi ya kahawia. Mama Sabuni akaangalia ndoo ya matambara ya kudekia, kisha akamwangalia yeye, taratibu, ili aone njia ambayo macho yake yalipita.

Hapo mchochea boila akamnong'oneza jirani yake, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea karibu na boila, kwamba leo Kola amemlaza Mvuke chali.

Ndilo lililomharibu. Kama kungekuwa na pasi karibu ingechemka yenyewe.

Aliwauliza kama wanajua nani aliinunua meza ile. Akajijibu mwenyewe kwamba hakuna aliyeinunua, ilishushwa kutoka mgahawani juu baada ya kuchakaa. Wakubwa walikula juu yake wakaishiba, wakawateremshia. Ni meza ya kulia. Ni meza ya mtu aliyekaa kwenye kiti. Je, kuna mtu humu amewahi kumwona Mama Pembe amekaa? Hakuna. Basi mtu aliyesimama, kwenye meza ya waliokaa, anakunja nini? Anakunja mashuka, na anajikunja na yeye.

Watu walikuwa wameacha kucheka. Mvuke hakuona, alikuwa anaisemesha dari.

Akasema mkewe akifika nyumbani hakuvua hata viatu. Alilala sakafuni, chali, akitazama paa, akasema ngoja kwanza nirudi urefu wangu. Yeye Mvuke alimchua mgongo kwa dawa ya kuchua mpaka chumba kikanuka kama duka la dawa. Mkewe aliomba meza iinuliwe. Akaomba kwa mdomo, akaomba tena. Wakamwambia mwezi ujao. "Mwezi ujao wa wakubwa," alisema Mvuke, "haujafika mpaka leo."

"Alikuwa anaichukia hii meza," akasema. "Aliiita yule punda. Leo punda kanipiga, leo punda kaninyima usingizi. Na mimi kila asubuhi nakuja na kitambaa, namfuta punda..."

Akanyamaza katikati ya neno. Mdomo ulibaki wazi kidogo, kama droo ambayo mtu amesahau alifuata nini ndani yake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi maneno yake kuondoka kinywani kwenda kwa wakubwa na kurudi njiani.

Mama Sabuni hakugonga pipa kutangaza mwisho. Alisema tu, kwa upole, kwamba watu waingie kwenye maduara yao.

Waliingia kwa kusukumana na kunyoosheana vidole. Karani akapita akilinganisha vibanio na miguu. Wale wafuaji wawili wa foronya walikuwa wametoka Iondoke wakaingia Ibaki, kwa ajili ya shati na supu ya nyanya. Mchochea boila na mpanga taulo walikuwa wametoka Ibaki wakaingia Iondoke, na mchochea boila alikuwa anajishika kiuno kana kwamba mgongo wa Mama Pembe umehamia kwake. Wengine wote walisimama penye vibanio vyao. Msimamizi alirudi kwenye Iondoke yake, akijipangusa jasho, akionekana kama mtu aliyejibishana na yeye mwenyewe na kuona aibu kuuliza nani ameshinda. Wawili kwenda, wawili kuja. Sawa kwa sawa. Meza inabaki.

"Bado mjomba," alisema karani.

Mvuke alikuwa hajaingia popote. Kibanio chake kilikuwa kwenye kamba ya Ibaki, mahali alipokibana kwa fahari mbele ya watu. Angepiga hatua kwenye duara hilo, basi, kazi imekwisha, punda wake yuko salama milele. Kilichomstaajabisha ni kwamba miguu haikutaka. Akaiambia twende, ikakaa. Akageuka upande wa Iondoke, akaona lile sanduku la korido kupitia mlango, akaona dirisha na viatu vikipita, na hapo pia ikakaa. Mwisho alipiga hatua moja fupi, akasimama penye lile jicho la katikati. Paka alimpisha kwa shingo upande.

Palizuka ubishi ambao makofi ya zamani yasingeweza kuuzaa. Msimamizi alisema kama mzee ametoka Ibaki, hata nusu, basi amehama, na hoja imepita kwa mtu mmoja. Mama Sabuni akasema haiwezekani, mdomo unaoshawishi hauwezi kuwa ndio uleule unaoshawishiwa, labda kama sikio lake ni la mtu mwingine. Mchochea boila akasema mtu akijikata mwenyewe damu inatoka vilevile. Mpanga taulo akataka kujua, mtu akisimama kwenye seti tupu, inaendelea kuwa tupu? Wote wakamgeukia karani. Karani akachuchumaa, akaitazama kamba, akaizungushia kidole. Akasema alichojifunza shuleni kinasema pale hapana mtu. Akamtazama mjomba wake aliyesimama hapo pasipo na mtu. Akasema aachiwe mpaka Jumatatu.

Mvuke hakusubiri. Aliinama, akabandua kibanio chake kwenye kamba, akakibana kwenye mfuko wa shati lake, akachukua koti akapanda ngazi.

Jumatatu aliwahi kabla ya wote, na hakuja na kitambaa. Alikuja na magogo manne mafupi ya mti, yamekatwa sawasawa. Alimngoja mchochea boila, wakainua meza mguu mmoja mmoja, wakaiweka juu ya magogo. Mvuke akasimama mbele yake, akaweka viganja juu. Mgongo wake ulibaki wima. Alikaa hivyo kwa muda, akipima kitu ambacho hakikuwa urefu. Kisha akachukua shuka la kwanza kwenye kikapu, akalikunja vibaya sana, pembe zimepishana kama wagomvi, akamsogezea mpanga taulo nafasi pembeni yake.

Wafuaji walipofika walisimama mlangoni. Mmoja aliweka kikapu mezani, polepole, tayari kukinyakua. Hakuna kilichotokea. Saa nne msimamizi akaja na kikombe cha chai, akajisahau, akakiweka juu ya meza. Mvuke alikitazama kikombe, akamtazama mwenye kikombe, akanyoosha mkono. Aliinyoosha ile ncha ya kushoto ya kola, akaikandamiza kwa vidole viwili mpaka ikasimama.

"Sasa kaa mbali na supu," alisema, akaendelea na kazi.

Mashine bado iko korido, ndani ya sanduku lake, watu wanaigonga kwa magoti. Msimamizi anasema ameulizwa na walio juu kama mahali pake pamepatikana, akakosa la kuwajibu, kwa kuwa wengine humu chumbani wanaapa kwamba meza ile iliyojadiliwa, ile fupi, imeshaondoka, na wengine wanaapa kwamba haijasogea hata kidole.

Ijumaa iliyofuata karani alikunjua kamba zake mapema, akahangaika kuzilaza zisiingiliane, akashindwa, boila ni lile lile. Akamfuata mjomba wake kwenye pasi. Alimwambia anahitaji jambo moja tu, kwa ajili ya hesabu, matokeo ya wiki iliyopita bado yananing'inia na hajui ayatie kundi gani.

Mvuke, kwa mazoea, alianza kumwambia akawaulize wakubwa.

"Mjomba, usitazame juu," akasema msichana. "Huko hawajui, na hapa mkubwa ni wewe. Kibanio chako kilikuwa kwenye Ibaki, mdomo wako ukasema iondoke, hakuna aliyekushawishi ila wewe mwenyewe. Sasa niambie. Siku ile, wewe ulihama au hukuhama?"